Wanafunzi Wapenzi wa Jinsia Moja na Wenzao katika Shule za Marekani, 1984–2000

Katika shule za sekondari za Marekani za miaka ya 1980, mwanafunzi aliyejulikana, au aliyedhaniwa tu, kuwa anavutiwa na watu wa jinsia yake au na jinsia zote mbili aliumizwa zaidi na wanafunzi wenzake, kwa kuwa matusi na vipigo vilichukuliwa na walimu wengi kuwa utani wa watoto. Mwaka 1984 mwalimu Virginia Uribe alianzisha mjini Los Angeles Project 10, yaani mpango wa ushauri nasaha kwa wanafunzi hao. Na mwaka 1988, katika shule ya Concord Academy, Massachusetts, kiliundwa chama kilichowakutanisha na wenzao wasio wa hali hiyo.

Huko Ashland, Wisconsin, Jamie Nabozny aliteswa na wanafunzi wenzake kwa miaka kadhaa, akapigwa mateke hadi akahitaji upasuaji, na mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba wakuu wa shule wangeweza kushtakiwa kwa kutomlinda, uamuzi wa haki ambao ulichelewa mno. Mwaka huohuo bodi ya elimu ya Salt Lake City, ikibanwa na sheria ya 1984 iliyokataza kubagua vyama vya wanafunzi, ilifuta vyama vyote visivyohusu masomo ili kuzuia kimoja cha shule ya East High kilichofanana na kile cha Concord Academy, nao mamia ya wanafunzi wakatoka madarasani kupinga. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2000.