Pai Gow: Kutoka Dhumna za Kichina hadi Karata za California

Pai gow poker, mchezo wa kamari uliobuniwa mwaka 1985 na Sam Torosian wa Bell Card Club, karibu na Los Angeles, Marekani, ulitokana na pai gow ya Kichina, inayochezwa kwa dhumna 32, ambamo kila mchezaji hupewa nne na kuzigawa jozi mbili. Torosian aliihifadhi kanuni hiyo, lakini akatumia karata 52 pamoja na jokari: mchezaji hupewa karata saba, akazipanga katika fungu la karata tano na fungu la karata mbili, na lile la karata tano sharti liwe na nguvu zaidi. Anayeshinda kwa mafungu yote mawili hulipwa. Akishinda kwa moja tu, dau lake humrudia. Kwa kuwa Torosian hakupata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mchezo ulienea hadi Las Vegas bila yeye kulipwa mrabaha.