Protini Zisizokaa Kitako

Ingia maabara yoyote yenye mashine ya NMR, ile inayosikiliza ishara za viini vya atomi ndani ya sumaku, uliza historia yake, utasimuliwa habari za sumaku. Wataanza na Isidor Rabi mwaka 1938. Watapita Harvard, ambako Edward Purcell na wenzake mwishoni mwa 1945 walinasa ishara ya haidrojeni kutoka kwenye nta ya parafini, wakati Felix Bloch na wenzake kule Stanford wakiitafuta kwenye maji. Kisha zitafuata megahezi: 40, 100, 500, mpaka ile mashine ya megahezi 1,200 iliyofungwa Florence, Italia, mwaka 2020. Mimi nimetoka Tanga nikaja kujifunza kazi hii Ulaya, na simulizi hiyo nimepigiwa mpaka nimeichoka. Si ya uongo. Ila kwa sisi tunaoshughulika na protini zisizo na umbo, sifa za sumaku zimezidi. Aliyetufungulia njia ni bakteria, kwa chakula alicholishwa.

Tangu mwaka 1894, Emil Fischer aliposema kimeng'enya na kile kinachokifanyia kazi hukutana kama kufuli na ufunguo, wataalamu wengi waliamini kuwa protini isiyo na umbo haina kazi. Eksirei ikaitia nguvu imani hiyo. John Kendrew alionyesha umbo la mayoglobini mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kutumia fuwele, na baada yake kila mtu akawa anatafuta fuwele. Protini inayochezacheza haigandi kuwa fuwele. Hata mkia wa namna hiyo ukiwa sehemu ya protini iliyoganda, kwenye ramani ya eksirei mkia huo hauonekani, panabaki wazi. Watu waliliona pengo wakaendelea na safari.

NMR ingeweza kulishughulikia pengo hilo mapema, maana huisikiliza protini ikiwa ndani ya maji. Lakini watu wa NMR nao walikuwa na heshima ya kutafuta. Spektra ya kwanza ya protini, ya ribonyukliesi, ilitolewa mwaka 1957 na Saunders, Wishnia na Kirkwood kwa megahezi 40: vilima vichache vipana, basi. Kurt Wüthrich na kundi lake la Zürich walipotoa umbo kamili la protini katikati ya miaka ya 1980, wapo waliowashuku kwamba wamelichukua kutoka kwenye fuwele ya protini ya jamii moja. Ikabidi protini nyingine, tendamistati, ichunguzwe huku na huku, kwa fuwele na kwa NMR, kila upande kivyake. Majibu yakalingana. Katika hali hiyo nani angepoteza muda na protini ambayo haina umbo la kulinganisha?

Halafu kulikuwa na ugumu wenyewe. Katika protini iliyojikunja, kila haidrojeni ina jirani zake, kwa hiyo ishara zao hutawanyika. Katika mnyororo uliolegea, karibu zote zimezungukwa na maji yaleyale. Nilipowekewa mbele spektra ya alfa-sinyukleini, ile protini ya ugonjwa wa Parkinson yenye asidi amino 140, ishara za uti wa mnyororo zilikuwa zimerundikana pamoja karibu na namba 8 ya mizani. Sumaku kubwa huupanua mrundikano huo, lakini haiuvunji.

Anayeuvunja ni naitrojeni. Ishara yake hubadilika kulingana na asidi amino iliyo ubavuni, hata mnyororo ukiwa umelegea. Taabu ni kwamba isotopu tunayoihitaji, naitrojeni 15, haifiki nusu asilimia ya naitrojeni iliyopo duniani. Kwa hiyo bakteria anayetutengenezea alfa-sinyukleini ananyimwa ile supu yake nzito, anapewa maji ya chumvi na glukosi, na humo naitrojeni pekee ni gramu moja kwa lita ya kloridi ya amoniamu iliyotengenezwa kwa isotopu hiyo. Anakua kwa kusuasua, lakini kila protini anayoijenga inakuwa na alama.

Kisha tunachemsha. Mara ya kwanza nilidhani natakiwa kuharibu sampuli. Protini nyingi za bakteria huganda kwa moto kama ute wa yai, zikazama chini ya neli. Alfa-sinyukleini haina mkunjo wa kufumuka, inabaki juu kwenye maji maangavu. Baada ya kuisafisha tunaipima kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hivi, maana kwenye joto haidrojeni zake hubadilishana na za maji mpaka ishara zinafifia. (Sumaku yenyewe hupozwa kwa heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza akiba kubwa ya gesi hiyo bonde la Rukwa, na tangu hapo wenzangu hawaishi kuniuliza mzigo utafika lini.)

Ili kuisoma haidrojeni pamoja na naitrojeni, tunapima kwa pande mbili kwa mpigo. Wazo la kupima hivyo lilitolewa na Jean Jeener mwaka 1971, na jaribio linalooanisha haidrojeni na naitrojeni yake lilichapishwa na Bodenhausen na Ruben mwaka 1980. Ukilifanya, mrundikano unakuwa nukta, karibu moja kwa kila asidi amino. Prolini haimo, kwa kuwa naitrojeni yake ndani ya mnyororo haina haidrojeni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1992 kundi la Wüthrich lilionyesha kwamba hata protini iliyofumuliwa kwa urea huweza kubakiza kijifundo. Mwaka 1996, Richard Kriwacki, Peter Wright na wenzao wakaonyesha kuwa p21, inayozuia seli kugawanyika, ikiwa peke yake haina umbo, na hulipata inapomshika mwenzake. Miaka mitatu baadaye Wright na Jane Dyson waliandika makala iliyoitaka taaluma nzima iachane na sharti la umbo kwanza.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la 2016, la kundi la Philipp Selenko. Waliitengeneza alfa-sinyukleini kwa bakteria waliolishwa naitrojeni 15, wakaiingiza ndani ya seli za mamalia kwa mishtuko ya umeme, kisha wakaziweka seli hizo kwenye mashine. Protini nyingine zote za seli zilikuwa na naitrojeni ya kawaida, hazikusikika. Iliyosikika ni hiyo moja, na humo ndani bado ilikuwa haijatulia.