Baraka na biashara huru iliyotangazwa Berlin

Hakuna mtu wa Baraka, mji wa Fizi ulioko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, aliyekuwepo Berlin tarehe 26 Februari 1885, siku mataifa ya Ulaya yalipotia saini hati iliyolifanya bonde lote la Kongo, ziwa hilo likiwemo, kuwa eneo la biashara huru. Bidhaa ziingie bila ushuru kwa miaka 20, ndivyo walivyoandika. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Ujiji, ng'ambo ya mashariki, walikuwa wamelizoea ziwa hilo zamani, wakilivuka kwa mashua kufuata pembe za ndovu na watumwa. Nao hawakuulizwa.

Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka sita. Mwaka 1890, mjini Brussels, ushuru wa hadi asilimia 10 uliruhusiwa. Mwaka uliofuata Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo, akatoa amri ya kujimilikisha pembe na mpira. Soko huru, mali yake peke yake.

Karibu karne moja baadaye wito huohuo wa biashara huru ulitoka Kinshasa. Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, aliyewanyang'anya wageni maduka na mashamba mwaka 1973, alikuwa amebanwa na madeni. Sheria ya tarehe 5 Novemba 1982 iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu. Septemba 1983, kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, sarafu ya zaire ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu.

Fizi ilikuwa imetangulia. Kutoka Hewa Bora, milimani, chama cha waasi cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilikuwa kikipitisha dhahabu Kigoma, Tanzania, kwa siri. Sheria mpya ilimpa mchimbaji mwenye sululu na karai ruhusa ya kufanya mchana kile kilichofanywa usiku. Tena, kwa kuwa noti zilikuwa zikiyeyuka mfukoni, dhahabu yenyewe ikawa fedha: inavuka kwenda Bujumbura, Burundi, vitenge na sabuni vinarudi.

Vita vya 1996 viliwamwaga watu wa Fizi ng'ambo, wengi wakaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania. Meli za UNHCR zilipoanza kuwarudisha Baraka mwaka 2005, walishuka na magodoro, masufuria na ujuzi wa bei za Kigoma.

Leo boti za mbao huondoka Baraka na mawese kwenye bidoni za manjano na magunia ya dagaa, zikizunguka ncha ya rasi ya Ubwari kuelekea Tanzania. Kabla injini haijawashwa, ofisi moja baada ya nyingine hudai haki yake, kila moja na kikaratasi chake. Amri ya serikali ya Kongo ya Machi 2002 ilitaja idara nne tu zinazoruhusiwa mpakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Ufukweni hesabu hiyo haijulikani.

Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022, na maneno ya soko moja yakarudi tena. Lakini mzigo unaotoka Lulimba au Misisi, huko huko Fizi, hulipa kabla haujaliona ziwa. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 barabarani Kivu Kaskazini na Kusini, vya jeshi, vya waasi na vya idara za serikali. Itifaki ya forodha ya Jumuiya inazungumzia mpaka kati ya nchi na nchi. Kamba iliyofungwa barabarani kati ya Misisi na Baraka haimo.