Mzingiro wa Nyambizi Dhidi ya Japani, 1941–1945

Japani iliingia vitani ikitegemea bahari kwa karibu kila kitu. Mafuta yalitoka Borneo na Sumatra, madini ya chuma China, mpira Malaya. Tarehe 7 Desemba 1941, saa chache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, jeshi la majini la Marekani liliagizwa kuzamisha meli yoyote ya Japani bila onyo. Desturi ya zamani ilitaka meli ya mizigo isimamishwe, ipekuliwe, na mabaharia wake wasalimishwe kwanza. Lakini nyambizi haina nafasi ya mateka, na ikiibuka juu ya maji inakuwa windo jepesi.

Hata hivyo, kwa karibu miaka 2 mzingiro huo ulilegalega kwa sababu ya topedo mbovu. Tarehe 24 Julai 1943 nyambizi Tinosa ilikuta meli kubwa ya mafuta, Tonan Maru Na. 3, ikaijeruhi hadi ikasimama. Nahodha Daspit akajipanga ubavuni mwake, kwa umbali usiofika mita 1,000, akafyatua topedo 9 moja baada ya nyingine. Zote zilipiga, hakuna iliyolipuka. Topedo moja iliyobaki akarudi nayo ili ichunguzwe. Majaribio ya Hawaii, ambako vichwa vya topedo viliangushwa kutoka kwenye winchi, yalionyesha kwamba pini ya kulipulia ilipinda topedo ilipogonga moja kwa moja. Kwa maneno mengine, shabaha nzuri kabisa ndiyo iliyoharibu kazi. Kasoro hiyo ilirekebishwa kabla ya mwaka kwisha.

Mwaka 1944 meli zilizama kwa mamia, hasa katika mlangobahari wa Luzon. Wanamaji wa nyambizi, takriban asilimia 2 tu ya jeshi la majini la Marekani, walizamisha zaidi ya nusu ya tani za meli za biashara zilizopotezwa na Japani. Wao wenyewe walipoteza nyambizi 52 na watu wapatao 3,500.

Topedo haikujua aliyemo melini. Tarehe 22 Agosti 1944 Tsushima Maru, iliyokuwa ikihamisha raia kutoka Okinawa, ilizamishwa usiku, wakafa watoto wa shule zaidi ya 700. Wiki 3 baadaye mateka wa Uingereza na Australia zaidi ya 1,000 walikufa baada ya Rakuyo Maru, meli ya Japani iliyowabeba, kuzamishwa.

Kufikia majira ya kuchipua ya 1945 mafuta ya kusini yalikuwa yamekoma kufika Japani. Wanakijiji na wanafunzi walipelekwa misituni kung'oa mizizi ya misonobari, ipashwe moto ili yapatikane mafuta ya ndege.