Muhogo Mchungu na Maneno Yake

Katika vyakula vilivyovuka bahari kutoka Amerika ya Kusini kuja Afrika, hakuna kilichotaka elimu nyingi ya jikoni kuliko muhogo. Mahindi yalipoingia, mwenyeji aliyatia katika kinu kile kile alichotwangia mtama, na kazi ikaisha. Muhogo mchungu haukukubali wepesi huo.

Asili yake ni bonde la mto Amazon. Wareno waliupeleka pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kwa upande wa Bahari ya Hindi, yajulikana kuwa La Bourdonnais, aliyeanza kutawala Mauritius kwa niaba ya Wafaransa mwaka 1735, aliuhimiza ulimwe kuwa chakula cha watumwa. Burton alipochapisha habari za safari yake ya maziwa mwaka 1860, muhogo ulikuwa umekwisha zoeleka katika nchi alizopita, na jina lake la Kiswahili limo kitabuni mwake.

Ndani ya mzizi huo mna kitu kiitwacho linamarini, na kando yake kimeng'enya chenye kukivunja. Mmea ukiwa mzima, viwili hivyo hukaa mbalimbali. Chembe za mmea zikipasuliwa hukutana, na mwishowe hutoka sianidi, sumu iliyo nyepesi kiasi cha kugeuka hewa kwenye joto la digrii 26 hivi. Kwa hiyo ufundi wote wa muhogo mchungu ni kuzipasua chembe, kisha kuipa sumu muda wa kutoroka.

Ufundi huo haukuandikwa popote ila katika maneno. Makopa ni muhogo uliomenywa, ukapasuliwa na kuanikwa. Udaga, kama ujulikanavyo kandokando ya Ziwa Victoria, kwanza huvundikwa siku kadhaa hata ukaota ukungu na kulainika, ndipo huanikwa. Huko Masasi husemwa chinyanya, muhogo mbichi uliopondwa ili upate unga upesi. Kisamvu nacho hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa sana, na hapana mpishi wa pwani atakayekubali mambo hayo yapinduliwe. Mtunga kamusi aandikaye kwamba makopa na udaga ni "muhogo mkavu" hakukosea, lakini ameacha lililo kubwa. Kipande kikianikwa tu hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi yake, hivyo sumu nyingi husalia. Kilichovundikwa hupoteza sumu nyingi zaidi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya siku na ya sumu.

Wageni wengi wameuliza kwa nini watu wasiupande muhogo mtamu peke yake. Swali hilo huulizwa na asiyelala shambani. Nguruwe na nyani huupunguzia mchungu adabu zao mbaya, mwizi hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani, nao hustahimili ardhi iliyochoka. Aulimaye amekwisha pima hasara na faida.

Hatari huja pale njaa inapozila zile siku. Ukame huzidisha sumu katika mzizi, na ukame huo huo humaliza akiba ya nyumba, hata mama asiweze kungoja. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu ghafula. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Mwaka 1985 ukazuka Tarime, pia wakati wa ukame. Si kwamba watu wa huko walikuwa wamesahau. Walijua, wakakosa nafasi ya kufanya walichokijua. Vita vya Msumbiji vilileta msiba kama huo mara nyingine, ukame ulipokuwa umepita, kwa kuwa mkimbizi naye hana siku za kuvundika. Ugonjwa hauendelei kuzidi, lakini miguu hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Humshika zaidi aliyekosa samaki na maharage, maana mwili hutumia salfa itokayo katika vyakula hivyo kuivunja nguvu sianidi.

Katika vitabu vya utabibu jina lililoshika ni konzo, ambalo Trolli alilichapisha mwaka 1938 baada ya kuukuta ugonjwa huo Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Ni neno la Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa.

Baadaye Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, walionyesha njia fupi: unga wa muhogo uloweshwe maji, utandazwe mwembamba, uachwe saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo usongwe ugali. Njia hiyo imefundishwa Msumbiji, Tanzania na Kongo, na akina mama wameipokea kwa kuwa haidai chombo kipya: ungo, maji na kivuli vilikuwako. Kilichopungua kutoka siku kadhaa hadi saa chache ni kule kungoja.