Nahodha na Mwenye Bandari

Neno kuvinjari lilikuwa la watu wa baharini kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Chombo huvinjari kwa kwenda na kurudi, kikipeleleza yaliyo mbele yake. Ndipo programu ya kufungulia kurasa za intaneti ikaitwa kivinjari. Jina limesadifu, kwani kisa cha vivinjari ni kisa cha nahodha na mwenye bandari, na suali lake ni la kale: je, anayemiliki bandari ana haki ya kuchagua ni chombo kipi kitie nanga?

Mwaka 1994, huko California, Jim Clark na Marc Andreessen walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Netscape. Andreessen alikuwa kijana aliyeshiriki kuunda Mosaic, kivinjari cha Chuo Kikuu cha Illinois kilichotoka mwaka 1993. Chombo chao kipya walikiita Navigator, yaani mwongoza safari za baharini. Kilitoka Desemba 1994, na haukupita muda kikatumiwa na watu wengi kuliko kingine chochote.

Bandari, hata hivyo, ilikuwa ya Microsoft. Kompyuta nyingi mno duniani ziliendeshwa kwa Windows. Kampuni hiyo ilitambua hatari: iwapo programu zitaandikwa kwa ajili ya kivinjari, zitafanya kazi juu ya mtambo wowote, na Windows haitakuwa tena jambo la lazima. Basi Agosti 1995 ikatoa kivinjari chake, Internet Explorer. Ikakigawa bure, baadaye ikakifungamanisha na Windows, ikawawekea watengenezaji wa kompyuta masharti ya kutokiondoa, na ikafunga mikataba na watoaji huduma za intaneti. Netscape ilikuwa ikiuza. Na bei yoyote ni kubwa mbele ya bure.

Mei 1998 serikali ya Marekani na majimbo 20 waliishtaki Microsoft kwa Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, iliyotungwa kupinga ukiritimba. Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni igawanywe mapande mawili. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo, ikamlaumu jaji kwa kuzungumza na waandishi wa habari kwa siri kesi ikiwa bado mikononi mwake. Lakini mahakama hiyo hiyo ilithibitisha kwa kauli moja kwamba Microsoft iliulinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Kosa lilibaki; adhabu ndiyo iliyoondoka.

Novemba 2001 ikafikiwa suluhu, na Jaji Colleen Kollar-Kotelly akaiidhinisha mwaka uliofuata. Microsoft haikugawanywa. Ilikatazwa kuwaadhibu watengenezaji wa kompyuta waliochukua programu za wapinzani, na ikatakiwa kufichua baadhi ya njia za kuunganisha programu na Windows. Lakini nahodha alikwisha kuzama. Netscape ilikuwa imenunuliwa na AOL mwaka 1999, na Mei 2003 Microsoft iliilipa AOL dola milioni 750 kuimaliza kesi yao. Fedha zilipatikana, soko halikurudi.

Hapa pana funzo la kutofautisha suluhu na haki. Suluhu huwapatanisha waliobaki. Aliyekwisha kuondoka haimrudishi. Hata hivyo si insafu kuidharau. Kabla ya kuuzwa, Machi 1998, Netscape iliifungua siri ya programu yake ili kila mtu aisome na kuirekebisha. Kutokana na mbegu hiyo ilizaliwa Firefox, Novemba 2004. Uhai wake ulitokana na ukarimu, si na hukumu. Lakini ulikua wakati mwenye bandari alikuwa amefungwa mikono kwa mapatano.

Ulaya nayo ilijaribu dawa nyingine. Desemba 2009 Microsoft iliahidi kuwaonyesha watumiaji orodha ya vivinjari ili kila mmoja achague apendacho. Kati ya mwaka 2011 na 2012 orodha hiyo haikuonekana kwenye kompyuta zipatazo milioni 15, na Machi 2013 kampuni ikatozwa faini ya euro milioni 561. Ahadi isiyo na mlinzi husahaulika.

Wakati huo mwenye bandari mwingine alikuwa akiinuka. Google ilitoa Chrome mwaka 2008, nayo ikawapita wote. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imeulinda ukiritimba wake katika utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iiuze Chrome, ila akaizuia isifunge mikataba ya kuwatenga wengine. Wahusika wamebadilika, hoja ni ile ile. Sheria hutembea kwa mwendo wa jahazi, na biashara kwa mwendo wa upepo. Kwa hivyo anayetaka bandari iwe wazi asingoje hukumu. Ailinde wakati vyombo vingali vingi.