Akaunti ya M-Shwari
M-Shwari ni akaunti ya akiba na mikopo midogo iliyozinduliwa nchini Kenya Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, benki iliyoungana na NIC mwaka 2019 na kuwa NCBA. Hufunguliwa kwenye menyu ya M-Pesa, bila fomu wala foleni, na hapo ndipo swali la wateja wengi linapozuka: pesa ziko wapi hasa? Ni rahisi kudhani M-Shwari ni mfuko mwingine wa M-Pesa. Sivyo. Salio la M-Pesa hushikiliwa na wadhamini kwa niaba ya watumiaji. La M-Shwari ni amana ya benki, hupata riba, na benki ikifilisika Shirika la Bima ya Amana la Kenya hufidia hadi shilingi 500,000 kwa mteja. Simu ikiibwa, salio hubaki kwenye vitabu vya benki.

Wapo wanaosema benki isiyo na dirisha haina wa kuwajibika. Kweli, malalamiko huchosha zaidi yakipitia simu. Lakini kinachoilinda amana ni leseni ya Benki Kuu na bima, si kaunta. Lawama nzito zaidi iko kwenye mkopo, ulioanza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, iliyoitwa ada ya huduma badala ya riba. Kwa kiwango hicho, anayekopa shilingi 1,000 hurudisha 1,075, kiasi kinachoonekana kidogo. Akirudia kila mwezi, ndani ya mwaka atakuwa amelipa ada ya shilingi 900.